Sifuri ya Wanzuki

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kihisi kimefika! Kijiti chembamba, chaenea kiganjani. Nimekitumbukiza kwenye pipa la Mama Apolinaria, ninayemsaidia kutengeneza pombe ya asali, na papo hapo simu ikaanza kunionyesha sukari iliyobaki kwenye wanzuki yake. Namba zinashuka polepole. Nilizitazama mpaka chai ikapoa. Asali yote ile ya misitu ya Urambo, maua yote yale — yanageuka pombe mbele ya macho yangu. Mama akaniuliza, Elieth, umeolewa na simu?

Alhamisi, 17 Julai

Gramu arobaini kwa lita. Mama anataka chupa kumi na mbili za harusi ya bintiye, Kabula, huko Kigoma. Wanzuki ya chupa! Hajawahi. Kwao hunywewa kwenye kibuyu, ikiiva tu. Nimemwambia tusubiri sifuri ndipo tufunge, la sivyo gesi itapasua chupa. Kanielewa. Mchana nikasinzia, nikaota nyuki wanahesabu.

Jumamosi, 19 Julai

Sifuri! Jana mchana ilikuwa ishirini na tano. Nilishangaa kidogo, kisha nikafurahi tu. Ndivyo nilivyo. Mama aliweka sikio kwenye pipa, akasema bado inachemka kwa ndani. Nikamwonyesha simu. Basi, mwanangu, akasema, masikio yangu yamezeeka.

Tumefunga zote.

Jumatatu, 21 Julai

Treni imeondoka na Mama na kreti yake. Nimerudi mtaani kwetu Ng'ambo kusafisha vyombo. Kihisi kinanuka moshi. Moshi? Nikamuuliza Zuwena anayetuoshea mapipa. Akacheka: Mama alikitoa Ijumaa jioni, akakifukiza juu ya makaa kama anavyofukiza vibuyu, kitakate, kisha akakirudisha pipani.

Juu ya makaa! Nchani kuna kimeng'enya kinachoonja sukari, na joto hukiua. Sukari haikuisha. Kihisi ndicho kilichokufa. Mama alisikia sawasawa, nami nikamfanya ajione mzee. Naona aibu.

Nimepiga simu mara sita. Ya saba akapokea. Wameshapita Urambo, ana furaha tele. Nisiwe na wasiwasi, anasema — behewa linatikisika mno, kwa hiyo kreti kaifunga kitenge, kaipakata mwenyewe, chupa hata moja isipasuke.

Nikapiga kelele: Mama, iweke chini, taratibu, usogee mbali —

Mtandao umekata. Sijui kasikia mpaka wapi.

Napiga tena. Haipatikani.