Yusuf, Nyayo Zako Bado Zinakuja

Yusuf, ndugu yangu,

Amani iwe juu yako na juu ya udongo uliokufunika. Nakuandikia kwenye daftari lako la sayansi, kurasa za nyuma, kwa sababu karatasi siku hizi hazipatikani Garissa, na pia kwa sababu nakuogopa kidogo. Usicheke. Ungekuwa mahali pangu ungekuwa umeshahama.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Tumerundikwa wote kijijini kwa amri ya serikali, kibanda kimegusa kibanda, na jua likizama hakuna ruhusa ya kutoka. Ngamia wa baba amebaki mmoja, yule mwenye hasira uliyemwita Karani. Shule imefungwa. Mwalimu Mutua amerudi kwao bara, na siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Hassan, sikujua watafanya vile." Wewe hujui alikuwa anasema nini, kwa hiyo nakueleza, nawe ukasirike taratibu.

Unakumbuka jaribio letu. Mwalimu alitaka dhana ya kwetu, si ya kitabuni. "Dhana ni kisio linalokubali kupimwa," alisema. "Ukiogopa lipimwe, hayo ni majivuno." Tukaandika kwamba kila mtu ana unyayo wake, na mchungaji anaweza kumtambua mtu kwa unyayo bila kumwona. Wenzetu walicheka, maana kwetu nani asiyejua hilo? Lakini Mwalimu, mtu wa bara, alitoa macho.

Ukatengeneza kiwanja cha mchanga nyuma ya darasa, ukakilainisha kwa fagio la matawi. Nilikaa ndani nimeelekea ukuta, nawe ukawapitisha wavulana kumi na wawili, mmoja mmoja, peku. Ulimbebesha mmoja debe la maji. Mwingine ulimtembeza kinyumenyume. "Ukikosa mguu yangu, warya, utaoa ngamia," ulinitania. Sikukosa hata mmoja. Wako ndio ulikuwa rahisi kuliko yote: wa kushoto unaingia ndani, na kidole kidogo hakigusi mchanga.

Jioni ile hukuwa na raha. Ulisema jaribio lina tundu. Tumepima wavulana kumi na wawili wa nyumba kumi na mbili, hatujapima watu wa tumbo moja. Ukataka tuwaite kaka na dada za watu tuanze upya. Mimi nilikuwa nimelewa sifa, nikakuambia matokeo tunayo, andika hitimisho twende zetu. Ukaandika, ila ukaacha mistari mitatu mitupu chini yake. Ninaitazama sasa hivi.

Asubuhi ile lori la serikali lilipopigwa risasi karibu na kisima, askari walikuja shuleni. Mwalimu alikuwa ameshanisifu kwao siku za nyuma, bila nia mbaya, kama mtu anavyomsifu mwanawe. Wakatupeleka mimi na yeye kisimani. Palikuwa na nyayo mbichi za mtu mmoja, zikitoka kisimani kuelekea vichakani. Afisa akauliza, "Hizi za nani?"

Yusuf, sikupigwa. Sikutishwa hata kwa fimbo. Niliulizwa swali nililodhani ninalijua jibu lake, na jibu likanitoka kabla sijafikiri litakwenda wapi. Nilitaja jina lako. Wallahi, kwa muda mfupi nilijiona mkubwa.

Walikuchukua mchana huohuo. Siku ya tatu wajomba zako waliitwa wakauchukue mwili. Nilikuosha pamoja nao, na tulipofika mguu wa kushoto nilimwachia mtu mwingine kata ya maji, nikatoka nje.

Nyayo zilianza wiki ya pili. Mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo wa darasa, na kila nikirudi kutoka kuswali adhuhuri nilikuta mchanga wa nyuma umekanyagwa. Zilitoka kwenye ua wa miiba, zikaja mpaka pale ulipokuwa ukichutama na daftari, zikasimama, kisha zikarudi zilikotoka. Wa kushoto unaingia ndani. Kidole kidogo hakipo. Saa ile jua liko utosini, hata mbuzi hawalii, na mtu hana kivuli cha kujificha. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka.

Kisha nikafanya kama tulivyofundishwa. Kisio la kwanza, ni nyayo za zamani hazikufutika. Nikafagia mchanga wote, na kesho yake zikaja. Kisio la pili, kuna mtu anayekuiga. Nikapima kwa ile kamba yetu ya mafundo, urefu na hatua, nikalinganisha na hesabu zako humu daftarini. Zilikubaliana mpaka fundo la mwisho. Kisio la tatu sikuliandika, kwa sababu kuliandika kulikuwa sawa na kukuita.

Siku ya nne sikwenda kuswali na watu. Nilijifungia darasani nikachungulia dirishani. Ukaja, Yusuf. Mabega yako, mwendo wako ule wa kama unasikiliza kitu nyuma yako, na nguo imekufunika kichwa. Ulichutama mahali pako ukaweka kiganja juu ya mchanga. Halafu ukageuka, na uso ulikuwa wa Halima, dada yako.

"Hapa ndiyo alikuwa anafurahi," aliniambia nilipotoka. Sikumtazama usoni. Nilikuwa natazama chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona miguu yake. Nawajua ngamia wa koo tatu kwa kwato zao, lakini kijana wa kwetu hatazami miguu ya dada wa rafiki yake, na mimi nilikuwa kijana mwenye adabu. Amekutangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu. Mmekanyaga dunia kwa mguu mmoja, nyinyi wawili.

Nikamuuliza siku ile ya lori alikuwa wapi.

"Mimi nilibita kisimani mapema. Mbuzi moja ilikimbia, nikafuata kwa vichaka," alisema. "Hakuna mtu aliniuliza."

Hakuna aliyemuuliza. Alisema hivyo bila lawama, akajifunika vizuri akaenda zake, hajui aliloniambia. Nilikaa pale kwenye mchanga wa moto mpaka magoti yakaungua. Umekufa kwa sababu nilikataa kupima tena.

Mama yako hajui. Waliosikia nikikutaja ni askari, na Mwalimu, na hawapo. Nilijiambia nikinyamaza namsitiri Halima, asije akadhani ni mguu wake uliokuua. Uongo huo ulinitosha mwezi mzima. Kisha Halima akapewa kibali, akapelekwa Sangailu kwa shangazi yenu. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka alipopanda gari.

Nyayo hazikukoma. Siku moja baada ya kuondoka kwake zilikuwa kwenye mchanga wa shule. Wiki iliyofuata zilikuwa njiani, nusu ya safari ya kuja kijijini. Juzi adhuhuri zilikuwa mbele ya kibanda chetu. Nilidhani wazimu umenipanda, lakini mama yangu alitoka akaziona. Alizisoma kidogo, mchungaji wa zamani yule, akavuta ushungi usoni, akazifagia bila kuniuliza neno. Zinakuja mpaka mlangoni. Za kurudi hakuna.

Basi nimeijaza mistari yako mitatu. Nimeandika: unyayo unaweza kuwa wa watu wawili. Hassan alimtaja asiyehusika. Hassan akisema kweli, nyayo zitakoma. Hilo la mwisho ni kisio tu, na nitalipima, ingawa sijui naombea lipi. Naogopa zisikome. Lakini zikikoma, Yusuf, sitakuwa na habari zako tena.

Mama yako huniita kila Ijumaa tangu tukuzike. Ananipa maziwa ya yule mbuzi wake mmoja, yeye hanywi, ananitazama nikinywa. "Kunywa, mwanangu. Wewe na Yusuf ni kitu moja," husema. Nami nimekuwa nikinywa, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka tone la mwisho.

Kwa heri, ndugu yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi nitamwambia mama yako kwamba Halima hana kosa, ni mdomo wangu, na kama atanilaani nitaipokea laana nikiwa nimekaa. Leo ni Ijumaa. Amekwisha kuniita mara moja, na sasa ananiita tena, maziwa yanapoa.