Kona Isiyosikika

Kiwanjani, 18 Aprili 2024

Mjomba wangu Luqmani,

Shikamoo. Habari za mlimani na masika haya? Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, nala, nalala, kazi ya kuongoza ndege mnarani naipenda. Barua nampa Erick wa pikapu ya ndizi, maana simu huko kwenu ni pambo tu.

Nina jambo, usinicheke. Kiwanja chetu kipya huku njia ya Dakawa kina kona moja karibu na uzio ambako redio inakufa. Ndege ikisimama pale ikingoja kuruka, mimi simsikii rubani wala yeye hanisikii. Mafundi wamebadilisha antena, wapi! Tunawaonyesha taa tu: nyekundu wasimame, kijani waende.

Sasa jioni, ndege ikiwa konani, ninayemsikia masikioni ni wewe. "Shamsia weee!" Vilevile ulivyokuwa ukiniita kutoka ng'ambo ya bonde nikichelewa na kuni. Nikimwambia bosi, leseni yangu imekwenda. Mjomba, unaniita?

Mpwa wako,
Shamsia

*

Mlimani, 24 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linanikumbusha umri, mengine salama. Tangawizi imestawi, na ngedere nao wamestawi.

Ndiyo, nakuita. Bibi yako alituachia hivyo: mtoto wa ukoo akilala mbali, jua likizama mjomba husimama jiweni amwite jina, njia isimsahau. Kutoka jiweni kiwanja chenu nakiona, kama shuka lililoanikwa. Sikujua kwamba nakuharibia kazi. Basi, naacha.

Ila usisahau alichotufundisha: sauti ambayo mwenyewe humwoni, usiiitikie hadi ikuite mara ya tatu. Mtu huita mara tatu. Kisicho mtu huishia mbili.

Mjomba wako,
Luqmani

*

Kiwanjani, 5 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko? Mimi naandika harakaharaka, unisamehe mwandiko.

Uliacha kweli. Kona ikawa kimya, na kimya kile nilikichukia kuliko sauti.

Juzi Ijumaa ukungu ulishuka kutoka kwenu ukafunika kiwanja chote. Ndege ndogo yenye abiria ilikuwa konani, taa yangu haiioni; nyingine iko angani inakuja kutua. Nikaiita ile ya konani. Hofu ikanitoa Kizungu chote: "Unanisikia? Jibu!" Nikaita hivyo mara mbili. Sijaita ya tatu, ukajibu wewe: "Naam, mwanangu! Usishuke! Subiri huko huko juu!"

Nikamwambia rubani wa angani asishuke, apande tena. Ukungu ulipoinuka, ile ndogo ilikuwa imepotea njia, imesimama katikati ya njia ya kutua ndege. Wote wazima, Mjomba. Bosi kanipa mkono mbele ya watu. Ahsante kwa kuvunja ahadi yako.

Mpwa wako anayekupenda,
Shamsia

*

Mlimani, 11 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Alhamdulillahi kwa uzima wa watu wale. Mimi silali vizuri.

Ahadi sikuvunja. Wewe ndiye uliyeniita. Ijumaa ile nilikuwa shambani, ukungu mzito, nikasikia sauti yako huko juu mgongoni mwa mlima: "Unanisikia? Jibu!" Mara mbili. Mimi niliyekukumbusha nikashindwa kungoja ya tatu. Nilidhani umekuja kwa njia ya mkato, ukungu umekukamata kwenye utelezi, ndipo nikakupigia kelele usishuke. Nikapanda na goti langu hili. Hapakuwa na mtu.

Tangu hapo unaniita kila jioni. Kwanza mlimani, kisha mtoni, jana nyuma ya migomba. Sauti ni yako kabisa, na haifiki mara ya tatu. Kama ni wewe na mitambo yako, acha, mjomba wako amechoka. Kama si wewe, niandikie haraka. Naogopa, mwanangu. Nimeshaitika mara moja, na aliyeitika hawezi tena kujifanya kiziwi.

Mjomba wako,
Luqmani

*

Kiwanjani, 16 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, popote ulipo.

Si mimi. Niliandika hivyo siku ileile barua yako ilipofika, nikamsihi Erick akimbize gari. Leo kanirudishia barua haijafunguliwa. Anasema mlango ulikuwa wazi, moto unafuka, fimbo yako imeegemea ukuta. Na goti lile utakwenda wapi bila fimbo? Majirani wamekutafuta hadi mtoni. Mama Maimuna alikusikia tu nyuma ya migomba ukisema, "Naam, mwanangu, nakuja."

Barua hii Erick ataiweka jiweni. Kesho nikitoka zamu napanda mwenyewe.

Mjomba, kona imepona. Tangu juzi ndege ikisimama pale namsikia rubani hata akikohoa. Mafundi wanajisifu, bosi amewanunulia soda. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Niite. Mara moja tu inatosha. Sitangoja ya pili wala ya tatu. Nitaitika abee palepale, na leseni waichukue.

Mpwa wako,
Shamsia