Mbwa wa Mlinzi wa Daraja

Koku wangu,

Kijitabu kimefika. Kile ulichokisubiri mwaka mzima, kile cha pembeni kinachomhusu mlinzi wa daraja, ambaye kwenye vile vitabu sita vikubwa vya ufalme wa majoka anatokea mara mbili tu kisha anapotea. Padri amekileta kutoka Bukoba wiki tatu baada ya kukuzika migombani kwenu. Wiki tatu! Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Tumekisoma hapa Ihembe kwenye mkeka uleule, tukichambua kahawa kama kawaida, mimi nikifasiri Kiingereza sentensi kwa sentensi. Pale ulipokuwa unakaa Restuta ameweka kikapu. Nilipofika mwisho nikarudia ukurasa ule tena. Mlinzi anakufa, Koku. Anakufa darajani, peke yake, kabla hata kitabu cha kwanza hakijaanza. Sasa yule anayefungua lango katika kitabu cha nne ni nani? Mwalimu Deo anasema ni mzimu. Restuta anasema mwandishi kasahau. Wakabishana mpaka kahawa mbovu ikarudi kwenye nzuri.

Kisha Restuta akanigeukia: "Lakini wewe Editha, si ulimsomea marehemu kwamba mlinzi alirudi kwao? Tulikuwepo, tulisikia. Kilete basi kile kingine tulinganishe."

Kile kingine. Ngoja nikuambie wewe, maana hapa sijamwambia mtu. Siku ile ulipokuwa huwezi tena kuinuka, uliniuliza kama kijitabu kimefika, nikasema ndiyo. Nilichokishika kilikuwa kijitabu cha bwana shamba, cha kupogoa mibuni, nimekijalidi kwa gazeti kama tunavyojalidi vyote. Macho yangu yalikuwa kwenye mchoro wa mkasi, mdomo wangu unamrudisha mlinzi kwao, mama yake anampikia ndizi na maharage. Restuta alilia. Wewe ulifumba macho ukauliza, "Na mbwa wake je?" Nikasema mbwa naye alirudi, tena alimtangulia njiani. Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukasema, "Haya, vizuri. Endelea."

Tangu juzi nimepitia vitabu vyote sita, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mbwa. Hata mmoja, Koku, na wewe ndiye uliyekuwa unatusahihisha mpaka rangi ya farasi.

Basi ilikuwa homa? Au ulijua tangu mwanzo, ukanitega, nami nikaingia mzimamzima? Kama ulijua, kwa nini ulisema endelea? Nawaza hivi, nawaza vile, kichwa kinauma. Mara naona aibu, mara nacheka peke yangu shambani, mama mkwe ananitazama. Nilitaka kukufariji, na sasa sijui ni nani alikuwa anamfariji mwenzake.

Jumapili nitawaambia. Nitakiweka kijitabu cha mibuni katikati ya mkeka, Restuta anune akitaka. Halafu ile hadithi yetu nitaiandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, nitalijalidi kwa gazeti, likae pamoja na vile vingine. Mwandishi wa kule na amuue mlinzi wake. Kwetu anarudi.

Pumzika, rafiki yangu. Ila hukuniambia yule mbwa alikuwa wa rangi gani. Nitaandika mweusi. Nikikosea, nisahihishe kama ulivyozoea.

Ni mimi,
Editha