Mama Anaitaka Ile Picha Iliyoharibika

Kijiji cha Ngumbo,
Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.
Juni 9, 2024

Mpendwa mdogo wangu Joakim,

Pokea salamu za ziwani kutoka kwa dada yako Tadea. Hujambo lakini? Kifua kinasemaje na baridi hiyo ya Ujerumani? Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, ila kanisani anakwenda mwenyewe na mkongojo wake, na ukijaribu kumshika mkono anakufokea.

Usishangae kuona karatasi. Nikikuandikia kwa simu unanijibu kwa dole gumba, na dole gumba siwezi kumsomea Mama. Barua hii anakuletea Sista Emiliana, anayekuja huko masomoni.

Mihogo mwaka huu imekubali, na usipa, dagaa wetu hawa, tumeanika mpaka chanja zimejaa. Mwanangu Erasmo ana ndevu sasa, Mungu wangu, na anajiona ndiye baba wa nyumba.

Haya, nije kwa hao samaki wako. Picha zote tumezipata. Kumbe ndio hawa wadogo wa buluu wa kwenye mawe yetu, ambao hapa hata sufuria hatuwapi! Huko wamejengewa nyumba za vioo, watu wanakuja kuwatazama, na wewe ndiye unayewasafishia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Tena umekuwa fundi. Ulinieleza mwenyewe: flashi unaizima kwa sababu inawatisha samaki na kuacha doa jeupe kwenye kioo. Taa za chumba unazima pia, unavaa shati jeusi, simu unaibandika kabisa kwenye kioo, halafu unabana pumzi mpaka samaki atulie. Kweli zinatoka safi, magamba yote yanahesabika. Hongera, mdogo wangu.

Lakini Mama hazitaki.

Anayoitaka ni ile ya kwanza kabisa, uliyotuomba radhi kwamba imeharibika, kabla hujajua habari ya kuzima taa. Samaki mwenyewe ni ukungu mtupu. Ila juu yake, kwenye kioo, umo wewe: paji la uso, jicho moja, na mkono ulioshika simu. Mimi sikuona kitu. Mama ndiye aliyepiga kelele, "Si Joakim huyu!"

Akamtuma Erasmo Mbinga akaisafishe. Kijana wa studio, kwa wema wake, akaona kivuli cha mtu kimeharibu picha, akakifuta kwa kompyuta, akampendezesha samaki, na fremu akaweka. Erasmo naye akashukuru! Mama alipoifungua alilia kama siku ya msiba. "Mmemfuta mwanangu," akasema, na chakula hakugusa. Kesho yake Erasmo akapanda gari tena kwenda Mbinga. Sasa ile yenye uso wako imo kwenye kitabu cha sala cha Mama, na hakuna ruhusa ya kuigusa.

Joakim, tangu Baba afariki hatujakuona. Ukipiga simu, kamera umefunga. Ukituma picha, ni samaki. Usidhani sijui. Unaona haya kwamba hukumzika Baba. Nani hapa asiyejua kuwa kibali chako cha kukaa huko kilikuwa hakijatoka, ukitoka hurudi tena? Udongo wako nilikutupia mimi kaburini, nikataja jina lako kwa sauti, wazee wote wakasikia. Hakuna anayekusema, ndugu yangu. Nimekukumbuka mpaka nakasirika, na hao samaki wako siku nyingine natamani niwakaange.

Shangazi Ottilia anakusalimu sana. Mjomba Pankras pia, anauliza kama huko ugali upo. Erasmo anasema shikamoo, mjomba. Mungu akutunze ugenini, na akufungulie njia ya kurudi kwetu.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi, Mama akanizuia. Amekaa karibu na dirisha na ile picha, anaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Anataka nikuulize: umekonda, au ni kioo?

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tadea