Noti Moja kwa Kila Jina

Jumamosi, 1 Septemba 2018

Kaka Lucius,

Wameitoa amplifaya yako jukwaani. Nimeikuta kwenye korido ya nyuma ya kanisa, kati ya ndoo na mifagio, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Juu yake bado kuna alama ya duara ya kikombe chako cha kahawa. Nimefuta vumbi. Alama nimeiacha.

Aliyeitoa ni Prentiss. Nani mwingine? Tangu awe kiongozi wa muziki anatembea kama mtu aliyeijenga Memphis nzima. "Dada Ardella, friji la marehemu linakula nafasi ya kwaya." Friji! Mbele ya watu wote. Wengine walicheka. Nimewaona waliocheka.

Anataka gitaa langu la besi liunganishwe kwa waya moja kwa moja na mitambo ya ukumbi, bila amplifaya yoyote. Nikamwambia besi ya namna hiyo ni kama mtu anayehubiri kwa simu. Akasema basi nilete kitu kidogo, ninachoweza kukibeba mwenyewe, kabla ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani. La sivyo, waya.

Bega langu bovu analijua vizuri. Anajua pia kwamba yako huinuliwa na wanaume wawili.

Jumapili hiyo, tarehe 23, ndipo husomwa majina ya waliotutoka mwaka huu. Noti moja ya besi kwa kila jina, na msomaji hangoji kitu kingine, anangoja noti ife ndipo asome jina linalofuata. Miaka yote noti hizo ulizipiga wewe. Mwaka huu jina lako limo. Lisomwe juu ya sauti ya simu? Hapana!

Jumanne, 4 Septemba

Nimetoka kazini, jikoni shuleni, mapema, nikaenda kwa Gaines, yule fundi aliyekuwa akikubadilishia valvu, zile chupa ndogo za glasi zinazowaka ndani ya amplifaya. Hakunipa hata pole. "Umekuja na gitaa lake? Vizuri. Ukijaribu kwa gitaa la duka utadanganyika."

Nikamweleza. Nataka kichwa tu, yaani amplifaya bila spika; spika ninayo, ile ndogo uliyonifundishia. Kiwe cha valvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pasiwe na transista hata moja. Na kiwe chepesi.

Akanicheka usoni. "Bibie, valvu zinataka transfoma, na transfoma ni chuma. Unataka farasi wa kutia mfukoni."

Lakini alikuwa navyo vitatu. Cha kwanza kilikuwa safi mno, kila noti kama glasi iliyooshwa. Nikakirudisha. Cha pili kilianza kukwaruza kabla sijakifungulia vizuri. Kwenye baa watu wangekipenda, lakini Mchungaji akinong'ona katikati ya mahubiri nitamchania maneno yake. Nikakirudisha nacho. Gaines akaanza kupiga miayo kwa makusudi.

Cha tatu kibaya kwa sura, rangi ya mchicha uliochemka kupita kiasi. Nikakiacha kipate moto. Nikapiga uzi wa chini, polepole, kwa dole gumba kama ulivyopenda. Lucius! Noti haikutoka kwa kishindo. Ilianza taratibu, ikaumuka kama unga wa mkate, na mwishoni kabisa kikaja kile kijimkwaruzo, kama wewe ukisafisha koo kabla ya kuomba.

Gaines akauliza, "Unatafuta sauti au unamtafuta marehemu?"

Nikamjibu vyote viwili, na kama duka lake halina aseme nikatafute kwingine.

Akakifunga. Mlangoni akanishika mkono, akaubana hasa. Nisikiwashe kamwe bila spika, na spika isichomolewe kikiwa kimewaka. "Ya transista itakusamehe. Hiki hakisamehe mtu. Ukipiga bila spika, umeme unakosa pa kwenda, unaigeukia transfoma." Nikamwambia najua, kaka yangu alinifundisha. "Basi wafundishe na wajinga wa kanisani kwenu."

Alhamisi, 6 Septemba

Mazoezi. Aibu tupu. Dramu na kinanda vilinimeza. Nikiongeza sauti kinakwaruza, nikipunguza sipo.

"Nasikia nzi kwenye chupa," Prentiss akasema. "Ninyi hamsikii?"

Nilikula pai ya viazi vitamu garini, peke yangu, kwa hasira. Ilikuwa nzuri hata hivyo.

Jumapili, 9 Septemba

Mama Eula amenivuta pembeni baada ya ibada, bado amevaa viatu vyake laini vya kinanda. Unamjua, hana maneno ya kupamba. "Mtoto, acha kulaumu dramu. Anayekuziba ni mguu wangu kwenye pedali za besi. Lucius alipokuwa na friji lake nilikanyaga nilivyotaka, hakuzibika. Wewe una kisanduku cha sandwichi. Nitauinua mguu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema Alhamisi. "Nilitaka nione kama utakimbia."

Alhamisi, 13 Septemba

Mama Eula ameziacha pedali za kinanda. Mimi nimeipandisha spika juu ya kiti, ifike masikioni mwa watu badala ya kwenye soksi zao. Kwenye ubeti wa pili wa wimbo, mmoja wa waliocheka siku ile akageuka akatazama mlango, kama anayetarajia mtu aingie. Kisha akatazama spika. Akaacha kuimba.

Prentiss alinijia tulipokuwa tunafunga vyombo. "Kinanguruma. Wakati wa maombi kinanguruma." Ni kweli, kinanguruma kidogo. Yako pia ilinguruma! Miaka yote tuliomba juu ya mngurumo ule na hakuna aliyelalamika mbinguni.

Nikamwambia: kisikusumbue, lakini tafadhali usikiguse, hasa waya wa nyuma. Nilimwambia vizuri. Nakuandikia ujue kwamba nilimwambia.

Alhamisi, 20 Septemba

Amekiua.

Tulikuwa tumefumba macho. Maombi ya kufungua mazoezi. Alipita nyuma yangu kwa ncha za vidole na kuchomoa waya wa spika ili pawe kimya. "Amina." Nikapiga noti ya kwanza, hakuna kitu. Nikadhani nimepunguza sauti. Nikaongeza. Nikapiga kwa nguvu, tena kwa nguvu zaidi. Ndani kukalia pa! kama kijiti kinachovunjika, kisha harufu ile. Mpira na lami. Moshi mwembamba, kaka, juu ya kile kichwa cha rangi ya mchicha.

Prentiss alikuwa ameshika ncha ya waya mkononi. Bado ameishika! "Nimechomoa waya tu," akasema. "Waya tu! Amplifaya gani inakufa kwa kuchomolewa waya?"

"Ya valvu," Mama Eula akajibu kutoka kwenye kinanda. "Aliambiwa. Nilimsikia akiambiwa."

"Basi Mungu amesema," Prentiss akasema. "Jumapili ni waya wa ukumbini."

Nilikisubiri kipoe, nikakibeba mwenyewe. Hakuna aliyenifungulia mlango.

Ijumaa, 21 Septemba

Gaines amekifungua, akanusa, akakifunga. Transfoma imeungua. Nyingine haifiki kabla ya Jumapili. Nilidhani atanitukana. Akamtukana Prentiss, bila hata kumjua, kwa muda mrefu na kwa ufundi. Kisha akanigeukia. "Ile kubwa ya kaka yako niliikagua mwenyewe mwaka jana. Nzima kabisa. Mbona unanililia mimi?"

Jumamosi, 22 Septemba

Nimewapigia wanaume wa kwaya. Mmoja mgongo unamuuma. Mmoja ana wageni. Mmoja amesema wazi: "Dada, sitaki ugomvi na Prentiss." Huyo walau simchukii.

Nimekaanga kambare. Nimekaanga wengi mno, kwa mazoea. Fungu lako limebaki kwenye sahani.

Jumapili, 23 Septemba

Naandika nikiwa kwenye kiti chako, jukwaani. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.

Nimeazima toroli la sufuria kutoka jikoni shuleni. Asubuhi, kabla hawajafungua mlango mkubwa, mimi na Mama Eula tumeilaza amplifaya yako juu yake, tukaisukuma kutoka korido. Magurudumu yalilia kanisa zima. Tulifika kwenye ngazi za jukwaa, na hapo juu alikuwa amesimama Prentiss, suti nyeupe, mikono kifuani.

"Hilo halipandi."

Mama Eula akavua viatu vyake vizuri, akaviweka kando. "Prentiss, nilikufundisha nyimbo ukiwa huna meno ya mbele. Shika upande ule au utoke kwenye ngazi."

Akatoka kwenye ngazi. Hakushika. Tuliipandisha sisi wawili, bega langu likinililia, ngazi moja, tukapumzika, nyingine. Sijui kama kesho nitaweza kuinua sufuria. Haidhuru.

Nimeiwasha. Ule mngurumo ulipoanza, Prentiss alikuwa anapanga karatasi zake. Akasimama kama aliyeitwa jina. "Zima hiyo," akasema, lakini kwa sauti ndogo, si ile yake. "Zima, Ardella. Siwezi kuisikia." Nilimtazama. Mlipiga pamoja miaka mingapi, wewe besi na yeye dramu? Huruma ilinijia. Ikanijia, nikaiacha ipite. Kile kidogo nacho kilikuwa na mngurumo huo huo; kumbe ndio aliotaka kuunyamazisha.

Sasa watu wamejaa. Feni za mkono, kofia, manukato. Valvu zimeshawaka rangi ya chungwa, nimeweka peremende zako juu, karibu na alama ya kikombe, zimeanza kulainika kama zamani. Mkono wangu wa kushoto uko nyuma, kwenye waya. Hauondoki hapo mpaka nianze kupiga.

Msomaji wa majina ni yeye, Lucius. Prentiss. Karatasi anaikunja na kuikunjua, naiona kutoka hapa. Jina lako ni la nne. Nikilipiga, hawezi kusoma la tano mpaka noti ife, na wewe unajua amplifaya hii inavyochelewa kuiachia noti.

Amesimama. Amesoma jina la kwanza. Ananitazama, anangoja.

Naweka kalamu. Ukinisikia huko uliko, unikumbuke.