Maji Kabla ya Mizani

Shoga, sikiliza. Binti yangu kaanguka uwanjani.

Kumbe tangu jana hajanywa maji, hata funda moja. Eti leo timu inapimwa uzito, na kocha kasema mwenye nyama za ziada hachezi fainali.

Nyama za ziada. Mtoto anayewaacha wenzake wote kwenye mbio.

Kapanda mizani, kaonekana kapungua, kocha akampigia makofi mbele ya timu nzima. "Mnamwona mwenzenu?" Kisha akawaambia wakimbie. Mzunguko wa pili tu, huyo chini.

Yaani alimpigia makofi, shoga.

Sasa kalala chumba cha kubadilishia nguo, midomo imemkauka. Nimempelekea kikombe cha maji mdomoni, akageuza uso.

Ananiuliza, "Mama, jioni hawapimi tena?"