Nawa Mikono, Uingie

Kwamndolwa, Korogwe
12 Juni

Dada yangu Agripina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mazinde, wewe na shemeji Dunstan, na kwamba goti lako limepoa. Mimi sijambo kwa kadiri ya mgonjwa. Nampa jirani yangu Salome akuletee mkononi, maana kwenye simu huwa unanikatiza, na leo nataka nifike mwisho.

Figo ni zilezile. Mara nne kwa siku nafunga dirisha, navaa barakoa, nanawa mpaka viwiko, kisha natundika mfuko wa maji ya dawa msumarini na kuuunganisha na mpira wa tumboni. Maji ya zamani yanatoka na uchafu ulioshinda figo, mapya yanaingia. Nimekuwa fundi. Makatoni ya mifuko hiyo yamejaa chumbani hadi watoto wa hapa wananiuliza kama nafungua duka la soda.

Ila upweke, dada, huo sijaupatia dawa. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Jumapili ile ulipoleta ndizi, ukaziweka kizingitini, ukanisalimia kupitia dirisha kisha ukarudi stendi, nilikaa chini nikalia.

Sasa nikwambie. Muuguzi hakukataza wageni. Nilikudanganya. Alisema tu kwamba atakayekuwepo wakati wa kubadilisha maji anawe mikono na avae barakoa. Katazo nililitunga mwenyewe, kwa sababu siku ile hospitali ulipoliona tumbo langu uligeuza uso, nami nikaona heri nikufungie mlango kuliko kukuona ukigeuka tena. Hasira zangu unazijua, nimezirithi kwa mama.

Na yeye muuguzi nimemdanganya. Alipouliza nani ananisaidia nyumbani, nikamwambia naishi na dada yangu. Kila akipiga simu, wewe umekwenda sokoni au kanisani. Sasa anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, anataka akufundishe kubadilisha maji, ili siku nikizidiwa awepo mtu.

Ningeweza kumwambia umesafiri. Lakini nimechoka. Njoo Alhamisi. Ukiliona tumbo ukataka kulia, lia tu, nitakungoja umalize. Na muuguzi akishaondoka, dada, wewe usiondoke.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia huko.

Ni mimi mdogo wako,
Yusta